Msichana wa Mwezi wa Kumi na Tatu

Jumatano, tarehe ishirini na tatu Julai. Baridi tangu alfajiri, na manyunyu yale yasiyonyesha wala kukatika. Nguo nilizofua juzi bado zina unyevu kwenye kamba.

Nasra, binti wa ndugu yangu, ameajiriwa katika ofisi ile ile niliyostaafu mimi mwaka jana. Ni ofisi ya serikali, iko kati ya Shauri Moyo na Pumwani, na inapokea vijana wasio na wa kuwaangalia: mayatima wa mitaa yetu, waliotoroka makwao, na wageni waliokimbia nchi zao wakaja kuomba hifadhi. Nasra na wenzake wanne ndio wapya kwenye kaunta. Aliniomba niende nikawaeleze mambo mawili matatu ya kazi, nikamwambia magoti yangu hayazitaki tena zile ngazi. Akasema, basi andika shangazi, mimi nitawasomea. Ndiyo sababu ya kurasa hizi. Mimi niliishia darasa la saba, sijui kupanga maneno kama watu wa semina. Nitaandika kama ninavyoandika kila siku katika daftari langu, na mkichoka Nasra aruke kurasa.

Niseme mapema kwamba nina hasira. Nilidhani kustaafu kungeipooza. Nilikaa hapa Umoja kwa binti yangu Mwanaidi, nikapanda dania kwenye mikebe, nikajiambia yamekwisha. Kisha jana Nasra akanionyesha kwenye simu ile fomu yenu mpya, na hasira ikarudi yote kana kwamba haikuwahi kutoka. Sababu yake mtaiona. Lakini nitajaribu kuwa mwadilifu, maana nimegundua mtu mwenye hasira husahau sehemu yake mwenyewe, na sehemu yangu mimi si ndogo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Odera wa masjala, kile chumba cha mafaili. Mtu mrefu, sweta ya kijani mwilini hata Januari. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha faili hata moja. Alinipa kiti, akaniambia nikipeleke upande ule wa kaunta wanakosimama watu.

"Mtu akisimama anajibu swali," aliniambia. "Akikaa, anaeleza."

Kile kiti kiliibwa mara tatu. Mara ya tatu tulikikuta Gikomba kimepakwa rangi ya buluu, na Mzee Odera akasimama pale akibishana na muuzaji kwa Kijaluo mpaka yule bwana akamwachia, nadhani kwa uchovu tu. Akakibeba begani mpaka ofisini. Kwa hiyo kikipotea tena, mnajua pa kuanzia.

Jambo lake la pili lilikuwa penseli. Kila fomu iliandikwa kwanza kwa penseli. Ukimaliza, unamsomea mwenyewe kwa sauti, polepole, kila kisanduku, mpaka aitikie kwa kichwa. Ndipo unapitisha wino. Watu walilalamika kwamba tunachelewa. Wakubwa walilalamika zaidi. Mzee Odera alikuwa akiwajibu kwamba wino anauogopa kuliko anavyomwogopa mkubwa yeyote. Alistaafu bila kupandishwa cheo hata mara moja, nami nilikuwa nikidhani ni kwa sababu ya ulimi wake. Siku hizi nadhani ni ile penseli.

Baadaye zikaja kompyuta. Sisemi ni mbaya. Zamani faili likianguka nyuma ya kabati, mtoto wa watu amepotea. Siku hizi unaandika jina na linatokea. Lakini kompyuta haina penseli. Ukibonyeza tu, ni wino.

Mfano ni Kevin. Kijana wa hapa hapa Umoja, alilelewa na nyanya yake, baba hakuna anayemjua. Fomu ilitaka majina matatu, na mashine ilikataa kuendelea kisanduku cha tatu kikiwa kitupu. Mwenzetu mmoja, mtu mzuri tu, aliyekuwa na haraka, akajaza jina la baba: Hajulikani. Mashine ikashukuru, ikaendelea. Baada ya miezi miwili Kevin akapanda ngazi na kadi tuliyomtolea mkononi: KEVIN BARAKA HAJULIKANI.

"Mathe," akaniuliza, "si mnitolee hii kitu? Maboyz wa base pale mtaani wananiita Mheshimiwa Hajulikani."

Nilicheka mpaka nikashika kaunta. Naye akacheka. Tukaacha kucheka siku chuo cha ufundi kilipomrudisha, kwa kuwa jina la kadi na jina la cheti cha shule si mamoja. Nafasi ile serikali ilikuwa imemwahidi kwa mkono mmoja, ikampokonya kwa mwingine. Ofisini tukaambiwa mwenye jina ndiye aombe kubadilishiwa jina. Akauliza ni jina gani abadilishe, maana yeye hilo hakuwahi kuwa nalo. Swali zuri. Sasa anaosha magari karibu na mzunguko wa barabara, na kila akiniona ananiita Mama Serikali. Ni mzaha, lakini siupendi.

Haya. Nimezunguka vya kutosha. Ninalotaka kuwaeleza hasa ni kosa langu mwenyewe.

Ilikuwa Februari, Jumatatu, foleni imeshuka ngazi mpaka nje. Mkubwa wetu nitamwita Afisa tu, kwa sababu ana watoto wanaosoma na hayupo hapa kujitetea. Afisa alikuwa ametaka fomu zote za wageni ziingizwe kabla ya saa saba. Mkalimani wetu alikuwa akija Jumanne peke yake. Akaja msichana mwembamba, kitambaa cha manjano kichwani, jina lake Chaltu. Ametoka Ethiopia, upande wa Waoromo. Baba aliuawa, mama hajulikani alikokimbilia. Alikuwa amefika Nairobi miezi minane iliyopita, akapokewa na mwanamke wa mji wao anayeitwa Mama Ibsa, anayeuza kahawa kando ya barabara upande wa pili wa Majengo. Kiswahili alikuwa amekipata hapo kwenye kahawa. Cha kubabaisha, lakini namba alizijua sawasawa, maana alikuwa akihudumia wateja.

Siku hiyo hatukummaliza. Nikamwambia arudi kesho yake saa tatu asubuhi. Mara nikaingiwa na wasiwasi, kwa sababu wageni wengi huhesabu saa kwa Kizungu, ukimwambia saa tatu anakuja alasiri. Nikaanza kumwonyesha ukutani. Akatikisa kichwa: hapana, anajua. Kwa vidole akanieleza kwamba kwao pia saa ya kwanza ni jua likishatoka. Saa tatu yao ni saa tatu yetu. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na jamaa ugenini. Miaka yote nimefanya kazi na watu wa mbali, hakuna aliyewahi kuniambia anahesabu saa kama mimi.

Akarudi saa tatu kamili. Jumanne ilikuwa siku ya mkalimani, lakini mkalimani alikuwa ameitwa kwenye semina. Nikaona si kitu, huyu tunaelewana. Nikamwuliza amezaliwa lini. Akasema mwaka elfu moja mia tisa tisini na saba. Mwezi? Mwezi wa kumi na tatu. Tarehe tatu.

"Wa kumi na tatu?" nikamwuliza.

"Kumi na tatu," akasema. Akafungua vidole vyote vya mikono miwili, akafunga, akaonyesha vitatu.

Nikacheka. Si kwa ubaya, lakini nilicheka. Nikasema moyoni, maskini, hajui miezi. Nikamwandikia wa kumi na mbili, kwa kuwa ndio ulio karibu, na kwa kuwa orodha ya mashine iliishia hapo. Sikumsomea nilichoandika. Foleni ilikuwa ndefu. Nikabonyeza.

Nyinyi mliosoma huenda tayari mnajua. Mimi sikujua. Kwao mwaka una miezi kumi na tatu, ule wa mwisho ni mfupi, siku tano au sita tu. Na miaka yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Kwa kuwa saa zao zilikuwa zetu, nilidhani na miaka ni yetu. Ni kosa ambalo karani Mzungu asingelifanya, kwa sababu yeye hata saa zenyewe zingemtatiza, angeuliza. Mimi nilijiona ndugu, nikaacha kuuliza.

Na kinachoniuma ni hiki: mimi ni Mwislamu wa Majengo. Tangu utotoni kalenda ya nyumbani ina hesabu mbili, hii ya serikali na ile ya mwezi mwandamo. Ramadhani nimeifunga wakati wa mvua, nimeifunga wakati wa kiangazi. Kama yuko mtu mmoja katika ofisi ile aliyepaswa kujua kwamba watu hawahesabu mwaka namna moja, ni mimi.

Kwa fomu yangu, Chaltu alikuwa na miaka ishirini na minne. Kwa kweli alikuwa na kumi na sita.

Sasa mjue tofauti yake, maana hapo ndipo maisha yake yalipokatikia. Aliye chini ya miaka kumi na minane na hana mzazi alikuwa na haki ya kubaki mjini, kwenye bweni la wasichana, na kupelekwa shule. Nafasi ilikuwapo, kitanda kimetajwa kwa namba. Aliye juu ya kumi na minane, mgeni, huyo ni wa kupelekwa kambini, huko kaskazini. Chaltu alikuwa akitaka shule kwa namna ambayo sijaiona tena. Siku zile za kusubiri alikuwa akija kukaa kwenye benchi letu, anasoma mabango ya ukutani kwa sauti ndogo. Bango moja liliandikwa kwamba mtoto huja mbele ya yote. Alilisoma mpaka akalihifadhi.

Baada ya wiki tatu ikabandikwa orodha ya watakaopanda basi la kambini. Jina lake lilikuwamo, na umri pembeni. Mama Ibsa akaja naye kaunta. Alipoona ishirini na minne alianza kucheka, kisha akaacha.

"Dada," akaniambia, "huyu nilimbeba mgongoni nikiwa tayari nimeolewa. Ishirini na nne imetoka wapi?"

Nikamwonyesha tarehe ya kuzaliwa. Akaisoma, akaniuliza kama najua huu ni mwaka gani kwao. Nikasema sijui. Akasema ni elfu mbili na kumi na nne. Nikaitazama kalenda yetu ukutani, elfu mbili ishirini na mbili, nikahesabu tofauti kwa vidole: miaka minane. Chaltu alikuwa amesimama tu, anatuangalia kwa zamu, hajui ni nini kimetokea kwake.

Niliwaambia nitashughulikia.

Hapa ningeweza kuruka, lakini Nasra asiparuke. Ilikuwa Jumatano. Basi lilikuwa la Ijumaa ya wiki iliyofuata. Lililotakiwa ni karatasi moja, mimi kuandika kwamba kosa ni langu na si la mwombaji. Nami sikuandika. Mkataba wangu ulikuwa wa mwaka kwa mwaka, na mwezi ule ndio ulikuwa wa kutiwa saini upya. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu. Nilijiambia nisubiri mkataba utiwe saini kwanza, siku mbili tatu tu. Siku mbili tatu zikawa nane. Kila siku nilimwona pale kwenye benchi. Nilimpa chai na mandazi. Alinishukuru.

Siku ya nane, Alhamisi, kesho yake ndiyo safari, mkataba ukarudi umetiwa saini. Nikachukua karatasi, nikaandika kwa mkono wangu, nikaingia kwa Afisa. Aliisoma mara mbili. Hakupandisha sauti.

"Zaituni," akasema, "hili umelijua tangu juma lililopita, unalileta leo jioni. Ama umechelewa, ama umehongwa. Niandike lipi?"

Nataka kuwa mwadilifu kwake. Mwaka uliotangulia karani mmoja wa ofisi yetu alikuwa amekamatwa akiuza umri. Watu wazima wenye ndevu walikuwa wakitoka hapo na miaka kumi na sita. Afisa ndiye aliyeitwa makao makuu kusimama na kueleza. Kila mtu aliyemjia siku ya mwisho na karatasi ya kupunguza miaka alifanana na yule karani, na mimi nilifanana naye kuliko wote. Kama ningeingia siku ya kwanza, naamini angenisikiliza. Siku nane zangu ndizo zilizougeuza ukweli ukanuka.

Lakini nikishasema hivyo, na hili nalisema: msichana alikuwa hapo nje. Ukuta mmoja tu. Angetoka akamtazama. Alikuwa na uso wa mtoto, mikono ya mtoto, amevaa viatu vya Mama Ibsa vilivyomzidi. Nikamwambia Afisa, tafadhali, toka umwone. Akanijibu kwamba yeye haangalii nyuso, anaangalia mfumo, na mfumo hausahihishwi na karani. Iende makao makuu, wao waamue, na wakati huo mwombaji afuate orodha.

Ijumaa saa mbili asubuhi basi lilikuwa tayari. Nilishuka ngazi. Chaltu alikuwa na beseni la plastiki lenye nguo zake, na Mama Ibsa analia kwa Kioromo. Chaltu hakulia. Alinijia mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyempa chai.

"Mama, huko iko shule?"

Nikamwambia iko. Shule ilikuwako, ni kweli, lakini si ya mtu wa miaka ishirini na minne. Nilijua nikisema. Mpaka leo sijui kama nilisema vile kumtuliza yeye au kujitoa mimi pale haraka.

Makao makuu walijibu baada ya miezi minne. Walisema umri upimwe hospitalini, meno na mifupa ya kiganja, na kipimo kilikuwa Nairobi peke yake. Kutoka kambini kuja Nairobi kunahitaji kibali cha safari. Nikaandika kuomba kibali. Likarudi swali: kama ni mtoto, mlezi wake aandike, kama ni mtu mzima, aeleze sababu ya safari. Nikaandika kwamba sababu ya safari ni kwamba si mtu mzima. Likarudi: basi mlezi aandike. Sikutunga hili. Barua zimo failini, zimefungwa kwa uzi. Mwaka huo huo tulipelekwa semina ya haki za mtoto kwenye hoteli kubwa, tukala kuku, tukapewa mifuko ya kitambaa yenye maandishi. Ule wangu ndio ninaowekea vitunguu.

Kipimo kilifanyika hatimaye, daktari akaandika. Na barua ya kusahihisha ikafika mezani kwangu mwishoni mwa Septemba ya mwaka uliofuata, mihuri miwili na saini tatu: kuanzia tarehe ya barua hii, mwombaji atambuliwe kuwa mtoto. Nilikaa nikahesabu, mara hii kwa hesabu yao na yetu zote mbili, mara tatu, kwa penseli. Chaltu alikuwa ametimiza miaka kumi na minane wiki tatu zilizopita.

Nilimwambia mwenzangu mmoja, akacheka, akasema angalau wamekubali. Angalau. Nilitaka kumrushia stepla ya mezani. Mnisamehe, lakini hilo neno msilitumie kwenye kaunta. Watu wamekaa kwenye ngazi tangu alfajiri, halafu wewe unawapa angalau.

Wakati huo Chaltu hakuwa kambini tena. Alikuwa amerudi mjini bila kibali, anaosha vyombo kwenye hoteli ndogo ya wali upande wa Eastleigh. Mama Ibsa ndiye aliyenielekeza. Nilikwenda mchana, wateja wamepungua, nikamkuta nyuma kwenye masufuria. Amekuwa mrefu. Kiswahili chake sasa ni cha mtaani kabisa. Nikamwambia nina barua yake. Akafuta mikono, akasema nisome. Nikasoma.

"Soma tena pale," akasema.

Nikasoma tena: atambuliwe kuwa mtoto.

Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa mtoto."

Nikamweleza yote. Mwezi wa kumi na tatu, kicheko changu, zile siku nane. Sikubakiza kitu, na nilipomaliza nikamwomba msamaha. Nilitegemea atanifukuza au atalia. Aliokota sufuria, akaanza kuisugua.

"Wewe uliandika mara moja," akasema. "Wao walisoma mara ngapi?"

Hakusema amenisamehe, na maneno yale hayakuwa ya kunipunguzia. Aliomba kitu kimoja, ile barua, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee yenye siku yake ya kweli ya kuzaliwa. Barua ni mali ya ofisi, haitoki failini. Nilimpa. Kabla ya kumwachia nilitoa nakala, nikaiweka failini mahali pake, na nikaandika juu yake kwamba ya asili nimempa mwenyewe, na sahihi yangu. Kama kuna wa kunihukumu kwa hilo, mimi niko Umoja.

Tangu hapo tumeonana mara nyingi. Nimemkaribisha kwangu, hajaja. Polisi wakipita mtaa ule anaingia stoo ya unga. Kwa sheria yeye sasa ni mtu mzima aliyetoka kambini bila ruhusa. Nilimsaidia kuandika ombi jipya, la kukaa mjini na kusoma ushonaji, akiomba izingatiwe kwamba kilichompeleka kambini ni kosa la ofisi. Liliingia kwenu mwezi Machi. Mpaka leo halijafunguliwa.

Mnaniuliza ujuzi wa kazi. Msianze na mwaka. Anzeni na mambo: nani alizaliwa kabla yako, ulikuwa darasa gani mlipokimbia, sikukuu gani ilikuwa karibu, mvua au kiangazi. Ndipo uulize mwaka, na uulize ni mwaka wa hesabu ipi. Mtu akikutajia jambo la kuchekesha, huenda wewe ndiye hujui. Uliza mara ya pili kabla ya kucheka. Msomee alichosema. Na mkikosea, semeni siku hiyo hiyo, jioni hiyo hiyo, hata kama mkataba uko mezani kwa mkubwa. Nasema haya mimi niliyeshindwa. Sijui kama aliyeshindwa ana haki ya kufundisha, lakini nadhani anajua mahali penyewe.

Na sasa ile fomu yenu ya kwenye simu. Miaka yote hii, barua zote zile, kipimo cha meno na mifupa, na orodha ya miezi bado inaishia kumi na mbili. Nasra anasema alimwuliza mkufunzi afanyeje mtu akiwa na hesabu nyingine. Mkufunzi akamjibu, chagua ulio karibu.

Msichague ulio karibu. Acheni wazi. Mfumo ukatae, foleni isimame, mkubwa atoke ofisini kwake aje auone uso wa mtu. Mtatukanwa. Foleni nayo itawatukana, na watakuwa na haki, kwa sababu wamechoka. Hata hivyo acheni wazi.

Lile ombi la Machi siwaombi mlipendelee. Lifungueni tu, mlisome, mumwite mwenye nalo. Akistahili kukataliwa, akataliwe na mtu aliyemtazama.

Naongeza mistari hii baada ya kula. Nasra alipitia jioni kuchukua daftari kabla sijamaliza. Akalisoma hapo hapo, amekaa karibu na jiko kwa ajili ya baridi. Mwanaidi akamwambia aache kusoma, chakula kinapoa, hakusikia. Alipofika mwisho aliniuliza namba ya faili. Nikamwambia, ninayo kichwani. Akaiandika kwenye kiganja cha kushoto kwa kalamu ya wino, akauliza kama nina hakika na tarakimu ya mwisho. Akanisomea zote, moja moja, mpaka nikaitikia kwa kichwa. Halafu akanawa mkono mmoja tu, ule wa kulia, akala. Tumekula chapati na ndengu, na chai ya rangi, kwa sababu maziwa yalikuwa yameisha.